Jicho Linaloona Leseni Bila Kuona Shimo

Mazungumzo ya leo yanahusu kampuni ambayo kila msikilizaji wa Likasi amekwisha kuhudumiwa nayo, hata asiyemiliki kompyuta. Mama aliyechapiwa barua katika kibanda cha fotokopi pale Kikula, baba aliyekwenda komini kuchukua hati, kijana aliyesoma matokeo yake ya shule yakiwa yamepangwa katika jedwali, wote wamepitia mikononi mwa Microsoft: Windows inayowasha mashine, Word inayoandika barua, Excel inayopanga hesabu. Kampuni hiyo iliundwa na Bill Gates na Paul Allen mwaka 1975, na katika mwaka wake wa hesabu ulioishia Juni 2025 iliingiza zaidi ya dola bilioni 281. Pato la nchi yetu nzima ya Kongo, shaba na kobalti zikiwemo, halifiki nusu ya fedha hizo. Siitaji hesabu hiyo ili tuone wivu. Naitaja kwa sababu mtu akisema jambo fulani limemshinda, ni haki kwanza kutazama mfuko wake.

Na Microsoft imesema jambo moja limeishinda. Imesema hivyo kupitia mawakili wake, mbele ya majaji wa Washington, katika kesi inayowahusu watoto wa Katanga hii. Hoja ninayotaka kuijenga jioni hii ni kwamba kampuni hiyo ina jicho kali kuliko mnavyodhani, na kinachoamua jicho hilo lifike wapi si ufundi. Ni faida na sheria. Panapohusu leseni yake, inaiona mashine moja ndani ya kibanda kimoja katika mtaa ambao haijawahi kuukanyaga. Panapohusu kobalti iliyo ndani ya betri za mashine inazouza, njia ghafla inakuwa ndefu na ukungu unatanda.

Tuanze na huo ukali wa jicho. Februari 1976, kampuni ikiwa haijatimiza hata mwaka, Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani akilalamika kwamba wengi wao wanatumia programu yake bila kuilipia. Kijana wa miaka 20 alikuwa anahesabu nani kanunua na nani kaiba. Tabia hiyo haikumtoka. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, mtu wa kawaida alilazimika kuiandikisha: unaingiza namba ndefu ya siri, mashine inapeleka habari zake kwa kampuni, kampuni inarudisha ruhusa. Mwaka 2005 ukaja ukaguzi mwingine: karibu kila aliyetaka kupakua nyongeza kwenye tovuti ya kampuni, mashine yake ilipekuliwa kwanza kuona kama Windows yake ni halali. Oktoba 2008, huko China, wenye Windows XP ya kughushi walianza kuona picha ya nyuma ya kioo chao ikigeuka nyeusi kila baada ya saa moja. Fikirini hapo kidogo. Kompyuta ziko China, mwenye programu yuko Redmond karibu na Seattle, na kati yao kuna bahari ya Pasifiki, wauza duka, mafundi wa mtaani na wanakili wa sahani za CD wasiojulikana hata kwa majina. Mnyororo mrefu ulioje! Lakini ulifuatwa hadi mwisho wake, hadi rangi ya kioo cha mtu mmoja.

Ilipokuja Windows 10, Julai 2015, jicho likazidi. Mwaka uliofuata CNIL, tume ya Ufaransa inayolinda habari za watu, iliipa Microsoft onyo rasmi kwa kukusanya zaidi ya inavyohitaji. Tume ilikuta kwamba Windows 10 ilikuwa inajua programu zote zilizowekwa kwenye mashine na muda ambao mtumiaji anautumia katika kila moja. Kampuni ilirekebisha, na mwaka 2017 tume ikalifunga jambo hilo. Mwaka ule ule wa 2016, jirani zetu wa kaskazini walionja upande mwingine. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati kuna hifadhi ya Chinko, ambako walinzi wanapambana na majangili wenye bunduki na wanategemea intaneti ya setilaiti, ile ya kulipia kila mega. Kompyuta zao zilianza zenyewe kupakua Windows 10, mzigo wa giga 6, bila ya wao kuagiza. Msikilizaji wa Likasi anayenunua mega kwa franka, akizichunga zisiishe kabla ya jioni, hahitaji kuelezwa maana yake. Kampuni iliweza kuifikia mashine iliyofichika msituni, ikaweka humo ilichotaka, na gharama ikamwangukia mwenye msitu.

Nitoe mfano mmoja wa karibuni, kwa sababu kuna watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kulinda programu tu, na kwamba bidhaa ikishauzwa muuzaji hana habari na mnunuzi anaifanyia nini. Septemba 2025, baada ya gazeti la Guardian la Uingereza kuandika kuhusu upelelezi wa simu za Wapalestina, Microsoft ilichunguza, kisha ikatangaza kwamba imezima baadhi ya huduma zake kwa kitengo kimoja ndani ya wizara ya ulinzi ya Israel, kwa sababu masharti ya matumizi yamevunjwa. Ilifanya vema, nadhani. Ila tukubaliane kuwa kampuni inayoweza kuchambua mteja mmoja ndani ya wizara moja, ikatenga huduma hii na ile, ikazima hizi na kuziacha zile, si kampuni isiyoona mbali.

Sasa tugeuke upande wetu. Kobalti inayotoka Kongo ni zaidi ya robo tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, au inakaribia hapo kutegemea mwaka, na karibu yote inatoka katika ukanda huu wa Haut-Katanga na Lualaba. Mnaiona ikipita. Magari ya mizigo yanatoka Kolwezi yakiwa na magunia makubwa ya kobalti iliyokwisha kusafishwa nusu, yanapita Likasi, yanakwenda Lubumbashi na Kasumbalesa, kisha bandarini, kisha China ambako inasafishwa mpaka kufaa kwa betri. Ndani ya betri ya kompyuta ya mkononi zinaweza kuwamo gramu 30 hivi. Sehemu kubwa ya mzigo huo hutoka kwenye migodi ya mitambo. Sehemu nyingine huchimbwa kwa mkono, kwa nyundo na patasi, na watu wanaoshuka kwenye mashimo yasiyo na nguzo, kisha huuzwa kwenye depo ya wanunuzi kwa mizani ambayo mchimbaji haiamini. Hapo jirani, Shinkolobwe, watu walikuwa wanachimba kobalti hata baada ya mgodi kufungwa kwa amri ya rais mwanzoni mwa 2004. Julai ya mwaka huo shimo likaporomoka na kuua. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto 40,000 hivi walikuwa wanafanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi, wengi wao kwenye kobalti.

Januari 2016 Amnesty International, pamoja na Afrewatch ya hapa Lubumbashi, ilitoa ripoti iliyoufuata mzigo huo kutoka mashimoni hadi kwa wasafishaji wa China na kutoka huko hadi kwenye majina tunayoyajua, Microsoft ikiwemo. Angalieni nani aliyeufuata: mashirika yanayoishi kwa michango. Novemba 2017 Amnesty ilirudi kuuliza kampuni hizo zimefanya nini. Apple ilikuwa imetangaza majina ya wanaoiuzia kobalti. Microsoft ilikuwa miongoni mwa kampuni 26 ambazo hazikuwa zimeeleza zinapata wapi. Baadaye kampuni ilianza kufanya zaidi, ikaingia katika mipango ya pamoja ya kukagua wasafishaji na ikaandika sera zake, na si haki kulificha hilo. Lakini inafaa kukumbuka kwamba hayo yalikuja baada ya kupigiwa kelele.

Desemba 2019 ndipo kesi ilipofunguliwa Washington. Shirika la mawakili, International Rights Advocates, liliwashtaki Apple, Alphabet yenye Google, Dell, Microsoft na Tesla kwa niaba ya familia za Kongo. Majina yao yalifichwa kwa usalama wao. Baadhi walikuwa wazazi wa watoto waliofukiwa na udongo. Wengine ni vijana waliovunjika miguu au uti wa mgongo. Walitegemea sheria ya Marekani dhidi ya usafirishaji wa watu na kazi za kulazimishwa, sheria inayomwadhibu pia yule anayefaidika kwa kushiriki katika mradi wa namna hiyo. Novemba 2021 mahakama ya kwanza iliitupa kesi. Machi 5, 2024, mahakama ya rufaa nayo ikaitupa. Sababu yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuimeza: kununua kobalti ya kiasi kisichojulikana kupitia soko la dunia si kushiriki katika mradi pamoja na wanaowatumikisha watoto, ni uhusiano wa kawaida wa mnunuzi na muuzaji. Kampuni, majaji wakasema, hazina mamlaka juu ya wanaochimba. Kuna jambo lingine katika hukumu ile ambalo halikutangazwa sana. Majaji walikubali kwamba familia hizo zilikuwa na haki ya kuja mahakamani kudai fidia, kwa kuwa madhara yalikuwa ya kweli na yangeweza kuunganishwa na mnyororo huo. Kilichokosekana ni sheria inayolifunga tendo la kununua.

Wapo watakaosema: mzee, kobalti ikishayeyushwa haina kabila. Mfuko wa mchimbaji wa mkono unamwagwa depo pamoja na mifuko mingine, depo linauza kiwandani, kiwanda kinachanganya na cha migodi mikubwa, msafishaji wa China anachanganya tena, na hakuna mkemia anayeweza kuichukua chembe moja akasema hii ilitoka Kasulo pale Kolwezi. Hilo ni kweli, na anayelipinga anapoteza muda. Ila swali halikuwa la chembe. Swali ni nani anaruhusiwa kuingiza mzigo mlangoni, na milango si mingi. Kobalti ya dunia kwa sehemu kubwa inapita kwa wasafishaji wachache wa China, wanaohesabika. Anayekagua pale anakagua sehemu kubwa ya soko.

Na tunajua inawezekana kwa sababu ya madini mengine. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya mambo ya fedha yenye kifungu cha 1502, kinachozilazimisha kampuni zilizo kwenye soko la hisa kueleza kila mwaka kama bati, koltani, wolframi na dhahabu yao inatoka Kongo au kwa jirani zake. Microsoft inaandika ripoti hiyo kila mwaka, ikiorodhesha viyeyushio kwa majina. Bati nalo linayeyushwa na kuchanganywa. Koltani nayo inapita mikono kumi. Lakini sheria ilisema fuateni, zikafuatwa. Kobalti haimo katika orodha ya kifungu cha 1502. Katika ripoti moja kampuni inavijua viyeyushio vya bati, na katika kesi nyingine inasema soko la kobalti ni pana mno. Tofauti ya madini hayo mawili haiko katika kemia.

Watu wa Likasi wana ushahidi wa zamani kuliko huo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alipeleka New York tani 1,200 hivi za mawe ya urani kutoka Shinkolobwe, yakawekwa ghalani Staten Island. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani alikwenda ofisini kwake, na mzigo ukanunuliwa. Kisha Wamarekani wakataka zaidi. Mgodi ulikuwa umefungwa na kujaa maji. Wakaleta wahandisi, maji yakapigwa pampu, viwanja vya ndege vya Elisabethville na Léopoldville, yaani Lubumbashi na Kinshasa za leo, vikapanuliwa, na mapipa yakasafirishwa kwa reli hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kwa mashua hadi Léopoldville, kwa reli tena hadi Matadi. Ilikuwa vita, hapakuwa na kompyuta wala setilaiti, na bado mnunuzi aliujua mgodi, mlango, reli, mto na bandari. Mtu anayekihitaji kitu kwa hofu haoni mnyororo kuwa mrefu.

Pingamizi lingine ni kwamba namwonea mdogo. Microsoft ni kampuni ya programu, watasema. Wanaokula kobalti ni watengenezaji wa simu na magari ya umeme. Ni kweli, kwa tani haimo miongoni mwa wanunuzi wakubwa, ingawa ina Xbox tangu 2001 na kompyuta zake za Surface tangu 2012. Lakini hapa ndipo programu inapokuwa na nguvu kuliko chuma. Oktoba 14, 2025, kampuni ilisimamisha marekebisho ya usalama ya bure ya Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za kuanzia karibu mwaka 2017 na 2018, kwa hiyo kompyuta nyingi nzima, zenye kioo kizuri na betri inayoshika chaji, haziruhusiwi kupanda. Wachambuzi wa Canalys walikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba mashine milioni 240 zinaweza kugeuzwa takataka na uamuzi huo. Kila mashine inayotupwa inaita nyingine mpya, na kila mpya inaita gramu zake za kobalti. Kampuni haikushika sululu. Imeandika tarehe tu, na tarehe hiyo inafika mpaka shimoni.

Na inafika mpaka Kikula. Kompyuta tunazotumia mjini hapa, ordinateri zile za vibandani, nyingi ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya zikaletwa kwa makontena. Ndizo hasa zilizo na umri wa kukataliwa. Kampuni inajitetea kwamba ni kwa usalama wetu, na utetezi huo una uzito: mashine isiyorekebishwa ni mlango wazi kwa wezi wa mtandao. Lakini Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipovamia hospitali za Uingereza, Microsoft ilitoa marekebisho hata ya Windows XP, ambayo ilikuwa imeitangaza kuwa imekufa tangu Aprili 2014. Ikiamua, wafu wanafufuka. Kwa Windows 10 imetoa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila fedha kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yake kwenye akaunti ya kampuni. Ulaya, baada ya shirika la kutetea watumiaji, Euroconsumers, kulalamika, sharti hilo la kuhifadhi liliondolewa, wakapewa bure kwa kuingia tu kwenye akaunti. Dola 30 kwa mwenye kibanda cha fotokopi hapa ni siku nyingi za kazi, hasa Snel inapokata umeme. Mjerumani aliyeitumia mashine hiyo ikiwa mpya angesamehewa. Anayeinunua baada yake Likasi analipa, au anafungua akaunti na kukabidhi mipangilio yake.

Tusifiche pingamizi linalotuuma sisi wenyewe. Windows nyingi katika vibanda vyetu ni za kunakili, na nyani haoni kundule. Tunawezaje kudai haki kwa kampuni tunayoiibia? Sina nia ya kuusifu wizi. Ila nataka msikilizaji ajue kwamba kampuni yenyewe imekuwa na hesabu mbili juu ya wizi huo. Mwaka 1998, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, Bill Gates alisema kuhusu Wachina kwamba kama wataiba programu, basi afadhali waibe za kwake, kwa sababu watazizoea na siku moja kampuni itapata njia ya kukusanya. Kwa maneno mengine, nakala ya bure ya kijana wa Kikula leo ni mtaji wa leseni ya ofisi atakayoiongoza kesho. Kumbukeni pia kwamba njia nyingine zilikuwepo: mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, huru na ya bure, kabla Microsoft haijatoa Office yake ya Kiswahili. Haikushika. Mazoea yalikuwa yamekwisha kushika. Hata hivyo, mchimbaji aliyefukiwa shimoni hakunakili programu ya mtu, na deni la kibanda haliwezi kukatwa kwenye fidia yake.

Kuna wanaosema lawama zote ziishie Kinshasa, kwa askari wanaolinda migodi ya wakubwa na viongozi wenye depo kwa majina ya shemeji zao. Lawama hizo zipo na zinastahili kipindi kizima. Sheria ya migodi ilirekebishwa 2018, kobalti ikatangazwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10. Mwenye macho apite mitaa ya Panda na Shituru hapa Likasi aone fedha hizo zimetengeneza nini. Lakini kosa la mwenye nyumba halimfanyi mgeni kuwa msafi.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la mchimbaji mwenyewe. Anasema: mkiwabana sana hawa, watakimbia, nami nitakula nini? Hofu hiyo si ya kubuni. Sheria ile ya 2010 iliyotufundisha kwamba kufuata kunawezekana ndiyo pia iliyowafanya wanunuzi wengi waikimbie Kivu nzima, na familia zikalala njaa kabla mifuko haijaanza kutiwa lebo. Kwa kobalti nako, kampuni kadhaa zilichagua njia ya mkato: tutanunua kwa migodi ya mitambo tu, ya mkono hatuitaki. Hiyo si huruma kwa mtoto aliye shimoni, ni kumwondoa kwenye picha. Ndiyo maana sidai kampuni zisusie kobalti ya mkono. Nadai ziinunue zikiwa zimefungua macho. Tumeona mfano wake Mutoshi, pale Kolwezi, kuanzia 2018: eneo lilizungushiwa uzio, mashimo yakafunguliwa kwa mashine badala ya kuchimbwa vichuguu, watoto na wajawazito wakazuiwa mlangoni, na maelfu ya wachimbaji wakauza mzigo wao kwa utaratibu unaojulikana. Haukuwa kamili, wachimbaji walilalamikia bei na kulazimishwa kuwa na mnunuzi mmoja, na mwaka 2020 corona ikaufunga. Lakini ulionyesha gharama ya kuona ni kiasi gani, na ni ndogo sana mbele ya hizo bilioni 281.

Sasa tarehe mbili. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilifunga mlango wa Windows 10. Oktoba 16, siku mbili baadaye, nchi yetu, baada ya kuzuia kobalti isitoke tangu Februari, ilianza utaratibu wa kuitoa kwa mgawo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hicho hicho 2027. Hakuna aliyezipanga tarehe hizo pamoja, lakini zinatuonyesha kwamba hata sisi tunao ufunguo unaofunga kwa mbali. Mpaka sasa tumeutumia kwa ajili ya bei peke yake. Bei ni muhimu, sikatai. Ila anayeweza kusema tani ngapi zitatoka anaweza pia kusema zitoke zikiwa na karatasi gani, kutoka eneo gani lililokaguliwa, kwenda kwa msafishaji gani, na anaweza kumtaka anayetengeneza mashine mwisho wa safari ayatangaze majina hayo kama anavyotangaza ya bati.

Ufunguo wa pili uko mikononi mwa wizara, mabenki na vyuo vikuu vyetu, ambavyo ni wateja. Tangu Machi 2023 tunayo sheria ya mambo ya dijitali, lakini leseni bado zinasainiwa kwa masharti yaliyoandikwa kwingine. Euroconsumers hawakungoja bunge lao litunge jambo jipya. Waliandika barua, wakataja tarehe, wakadai jibu. Bado wapo watu wa Kinshasa na Lubumbashi wanaoweza kuandika barua kama hiyo kabla ya Oktoba 13, 2026: nyongeza ya Windows 10 kwa masharti ya Ulaya kwa kila mashine iliyo Kongo, na orodha ya wasafishaji wa kobalti kwa majina, mwaka kwa mwaka. Na mkataba wa leseni za serikali utakapoletwa tena mezani, madai hayo mawili yawe ndani ya karatasi kabla waziri hajatoa kalamu.